Kani dhaifu inayofika mbali: sumaku inavyotikisika kwa pamoja

Wengi wetu tulifundishwa kwamba sumaku ni mkusanyiko wa visumaku vidogo vidogo, kila atomi na chake, na kwamba kipande cha chuma huwa sumaku pale visumaku hivyo vinapovutana na kujipanga kuelekea upande mmoja. Nusu ya kwanza ya maelezo hayo ni sahihi. Nusu ya pili, ile ya kuvutana, si sahihi, na kosa hilo dogo limefanya habari nyingi za fizikia ya miaka ya karibuni zisomeke kama mazingaombwe. Msomaji anaambiwa kwamba ncha ya sumaku iliyo peke yake imepatikana, kwamba mawimbi ya sumaku yataendesha kompyuta bila joto, kwamba msururu wa ioni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, umevunja kikomo cha kasi ya habari. Taarifa hizi zote zinazunguka swali moja: ndani ya sumaku, atomi moja inahisi atomi zilizo umbali gani?

Tuanze na maneno machache. Elektroni ina tabia ya kuwa kama kisumaku chenye ncha mbili, na sifa hiyo huitwa spini. Ichore kichwani kama mshale mdogo. Katika chuma, kobalti na nikeli, mishale ya atomi jirani hupendelea kuelekea upande mmoja, na vitu vya namna hiyo huitwa feromagneti. Katika vitu vingine, kwa mfano oksidi ya nikeli, mishale hupendelea kupingana, hivyo huitwa antiferomagneti.

Msisimko wa pamoja ni mtikisiko usioweza kusemwa kuwa ni wa atomi hii au ile, kwa sababu zote zinashiriki. Katika sumaku, msisimko wa pamoja wa msingi ni wimbi la spini: kila mshale unayumba kidogo, ncha yake ikichora duara dogo, na kila mmoja unachelewa kidogo nyuma ya jirani yake, kwa hiyo yumbo hilo linasafiri. Nishati ya wimbi hilo haiji kwa kiasi chochote tu. Huja kwa vipande, na kipande kimoja huitwa magnoni, kama vile kipande kimoja cha mwanga kinavyoitwa fotoni. Felix Bloch ndiye aliyeeleza mawimbi haya mwaka 1930, akaonyesha kwamba ndiyo yanayopunguza nguvu ya sumaku kadiri inavyopashwa joto. Mwaka 1957 Bertram Brockhouse aliyapima ndani ya fuwele ya magnetaiti kwa kuipiga kwa nyutroni, na kazi yake ya nyutroni ikampatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1994.

Kani mbili, tabia mbili

Kinachopanga mishale ya chuma si sumaku kuvutana na sumaku. Werner Heisenberg alieleza mwaka 1928 kwamba chanzo ni umeme. Elektroni mbili zenye spini sawa haziruhusiwi kukaa mahali pamoja, kwa hiyo mwelekeo wa spini hubadilisha jinsi elektroni zinavyokwepana, na jinsi zinavyokwepana hubadilisha gharama ya umeme wa kusukumana kwao. Atomi huchagua mpangilio wenye gharama ndogo. Kani hii, inayoitwa kani ya mabadilishano, ina nguvu kubwa sana: ndiyo inayofanya chuma kibaki feromagneti hadi kelvini 1043, yaani nyuzi 770 za Selsiasi. Lakini haifiki mbali. Inahitaji mawingu ya elektroni za atomi mbili yagusane, kwa hiyo inaishia kwa jirani wa kwanza, wa pili, au mbele kidogo.

Kani ya pili ndiyo ile ya shuleni, kisumaku kuhisi uga wa kisumaku kingine. Kati ya atomi mbili za chuma zilizo jirani, nishati yake inalingana na halijoto isiyofika hata kelvini moja. Ni zaidi ya mara elfu chini ya kani ya mabadilishano. Kama chuma kingeitegemea hiyo peke yake, kingepoteza mpangilio wake muda mrefu kabla ya kufikia joto la chumba cha kawaida.

Mtu akiziona tarakimu hizo atasema kani ya pili ipuuzwe. Wanafizikia nao mara nyingi huanza hivyo wanapofanya hesabu. Ila hapo wamelinganisha kani hizo mbili ndani ya jozi moja ya atomi, na sumaku si jozi moja. Kani dhaifu ina sifa ambayo ile kali haina: hupungua polepole. Umbali ukizidishwa mara mbili, inapungua mara nane. Wakati huohuo idadi ya atomi zilizo katika umbali huo inaongezeka mara nne. Kwa hiyo tabaka la atomi lililo mbali mara mbili linachangia nusu ya tabaka la karibu, lililo mbali mara tatu linachangia theluthi, na kuendelea. Jumlisha moja, nusu, theluthi, robo, bila kikomo: jumla hiyo haikomi kukua.

Kinachozuia isifike mbali kupita kiasi ni mwelekeo. Visumaku viwili vilivyopangwa kichwa kwa mkia hupendelea kuelekea upande mmoja, lakini vikikaa ubavu kwa ubavu hupendelea kupingana. Ndani ya kipande kikubwa pande hizi mbili hufutana karibu kabisa, na kinachosalia huamuliwa na kingo za kipande chenyewe. Hili kwangu ndilo jambo la kushangaza kuliko yote katika mada hii. Atomi iliyo katikati ya fuwele, ikiwa imezungukwa na mabilioni ya atomi kila upande, inahisi kama inaishi ndani ya tufe, bapa au fimbo. Charles Kittel alionyesha mwaka 1948 kwamba kiwango ambacho spini za sumaku huyumba zote kwa pamoja hubadilika kulingana na umbo la kipande, ingawa kitu chenyewe ni kilekile na uga wa nje ni uleule. Hakuna kani ya jirani kwa jirani inayoweza kufanya hivyo, maana jirani hajui ukingo uko wapi.

Kani hiyohiyo dhaifu ndiyo sababu msumari wa chuma haujifanyi sumaku wenyewe. Pierre Weiss alipendekeza mwaka 1907 kwamba chuma kimegawanyika katika maeneo, kila eneo likielekea upande wake. Mwaka 1935 Lev Landau na Evgeny Lifshitz walieleza kwa hesabu ya nishati kwa nini: kani dhaifu, ikishajumlishwa kwa kipande kizima, inaona nafuu kukigawanya, hata kama kani kali inalipia mipaka kati ya maeneo.

Kwa nini mawimbi marefu ndiyo yanayoathirika

Fikiria gwaride, askari wamesimama mstari mrefu, na kila mmoja ameambiwa atazame upande uleule na jirani yake. Askari wanaona jirani tu. Mstari ukiwa unajipinda taratibu, wa kwanza akitazama mashariki na wa mwisho, mbali sana, akitazama kaskazini, hakuna atakayelalamika, kwa sababu tofauti kati ya mtu na jirani yake ni ndogo mno. Kadiri mpindo unavyosambazwa kwa watu wengi zaidi, ndivyo malalamiko yanavyopungua. Sasa wape uwezo wa kuona mbali. Yule wa mwanzo akimwona yule wa mwisho, tofauti ni kubwa na dhahiri. Mpindo mrefu, uliokuwa hauna gharama, sasa unagharimu. Lakini mpindo mfupi wa zigizaga haukubadilika sana, kwa kuwa majirani walikuwa wanaulalamikia tangu mwanzo.

Spini hufanya vivyo hivyo. Katika feromagneti yenye kani ya karibu pekee, ukizidisha urefu wa wimbi mara mbili, idadi ya mitikisiko kwa sekunde inapungua mara nne. Wimbi refu kupita kiasi halina gharama kabisa, maana ni sawa na kugeuza spini zote kwa pamoja, na kama hakuna upande unaopendelewa, kugeuza zote kwa pamoja ni bure. Jeffrey Goldstone alilitolea jambo hili kanuni ya jumla mwaka 1961. Kani ikifika mbali, mteremko huo unapungua makali. Chukua spini zilizopangwa kwenye bapa, zinazoelekea popote ndani ya bapa hilo, zikiwa na kani iliyo sawa kila upande na inayopungua mara nane kila umbali unapozidishwa mara mbili. Hapo wimbi likirefushwa mara nne, mitikisiko yake inapungua nusu tu. Na kani isipopungua karibu hata kidogo kwa umbali, mawimbi marefu hayashuki hadi sifuri: yanabaki juu, yakitenganishwa na utulivu kwa pengo la nishati. Wanaosoma metali wanalijua hili kwa sura nyingine, kwani kani ya umeme kati ya elektroni inafika mbali, na ndiyo inayofanya mtikisiko wa elektroni zote kwa pamoja uwe na kasi kubwa ya kutetema hata wimbi lake likiwa refu sana.

Dhana potofu ya kuepuka hapa ni kwamba kufika mbali huimarisha kila kitu. Katika antiferomagneti, atomi za mbali nusu zinaelekea huku na nusu kule, kwa hiyo michango yao inafutana. Kani ni ileile na umbali ni uleule, lakini mawimbi yake marefu yanaendelea kufanana na yale ya kani ya karibu.

Sumaku ya unene wa atomi moja

Mwaka 1966 David Mermin na Herbert Wagner walithibitisha kwamba katika bapa, spini zisizopendelea upande wowote na zenye kani ya karibu haziwezi kudumisha mpangilio katika halijoto yoyote iliyo juu ya sifuri kamili, yaani baridi ya mwisho kabisa. Sababu ni mawimbi yale marefu yasiyo na gharama. Katika bapa ni mengi kiasi kwamba joto dogo tu linayaamsha ya kutosha kuvuruga mpangilio wote. Thibitisho hili limerudiwa mno kwa ufupi wa kwamba sumaku ya unene wa atomi moja haiwezekani, na ufupi huo ni kosa. Masharti ni mawili, na ukivunja mojawapo mlango unafunguka.

Sharti la kutopendelea upande lilivunjwa wazi mwaka 2017, ilipoonekana kwamba tabaka moja la iodidi ya kromiamu hubaki feromagneti hadi kelvini 45 hivi. Fuwele hiyo ina upande inaoupendelea, kwa hiyo hata wimbi refu kabisa lina gharama.

Sharti la kani ya karibu lilivunjwa kwa namna ya kupendeza zaidi. Huko Palaiseau, Ufaransa, kundi la Antoine Browaeys na Thierry Lahaye hushika atomi za rubidiamu moja moja kwa miale ya leza na kuzipanga watakavyo, kisha hupandisha elektroni ya nje ya kila atomi hadi iwe mbali sana na kiini chake. Atomi iliyovimba hivyo huhisi nyingine zilizo umbali wa mikroni kadhaa (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na kani hiyo hupungua mara nane umbali unapozidishwa mara mbili. Mwaka 2023 walichapisha matokeo ya miraba yenye hadi atomi 100. Walipopanga kani iwe ya feromagneti, spini zilidumisha mwelekeo wa pamoja kutoka ukingo hadi ukingo. Walipoigeuza iwe ya antiferomagneti, mpangilio ulidhoofika kadiri umbali ulivyoongezeka. Baadaye walipima misisimko yenyewe, wakaona katika feromagneti ule mteremko mpole niliousema juu, na katika antiferomagneti mstari ulionyooka. Kwangu huo ndio ushahidi mzuri kuliko wote, kwa sababu ni sampuli ileile na kani ileile ya kufika mbali, imegeuzwa alama tu.

Wimbi linalorudi nyuma, na bonde

Tusidhani haya ni ya maabara za atomi chache peke yake. Kuna fuwele iitwayo garneti ya itriamu na chuma, kwa kifupi YIG, inayojulikana tangu miaka ya 1950 na inayopendwa kwa sababu mawimbi ya spini hudumu ndani yake kuliko karibu kila kitu kingine. Mawimbi hayo hutetema mara mabilioni kwa sekunde, kiwango kilekile cha mawimbi ya mikro.

Chukua filamu nyembamba ya YIG, sumaku yake ikiwa imelala ndani ya filamu. Tuma wimbi sambamba na mwelekeo wa sumaku hiyo. Spini zinapoyumba, huacha ncha za kaskazini na kusini zinazopokezana kwenye sura ya juu na ya chini ya filamu. Wimbi likiwa refu, ncha hizi ziko mbali na gharama yake ni kubwa. Likifupishwa, kaskazini na kusini husogeleana na kufutana, kwa hiyo nishati inashuka. Matokeo yake ni wimbi ambalo vilele vyake vinaelekea mbele huku nishati yake ikielekea nyuma. Ukiendelea kulifupisha, kani ya mabadilishano inaamka, majirani wanalalamika, na nishati inapanda tena. Katikati pamebaki bonde.

Bonde hilo si la kwenye karatasi tu. Mwaka 2006 kundi la Sergej Demokritov huko Münster, Ujerumani, lilisukuma mawimbi ya mikro ndani ya filamu ya YIG yenye unene wa mikroni chache, na magnoni zikamiminika hadi chini ya bonde na kurundikana katika hali moja. Ni mkusanyiko wa Bose na Einstein, ule ambao kwa atomi za gesi hutaka halijoto iliyo karibu kabisa na sifuri kamili. Huu ulitokea katika joto la chumba. Kama ingekuwepo kani ya mabadilishano peke yake, bonde lisingekuwepo, na magnoni zisingekuwa na mahali hapo pa kushukia.

Ukituma wimbi kukatiza mwelekeo wa sumaku, mambo yanabadilika kabisa. Richard Damon na John Eshbach walionyesha mwaka 1961 kwamba wimbi hilo hung'ang'ania sura ya filamu, likienda upande mmoja kwenye sura ya juu na upande wa pili kwenye sura ya chini. Ukigeuza uga, nayo yanabadilishana. Wanaotaka kuunda vifaa vya kuchakata taarifa kwa mawimbi ya spini wanavutiwa sana na njia hii ya upande mmoja. Kuhusu madai kwamba vifaa hivyo havitatoa joto, ni kweli kwamba hakuna chaji ya umeme inayosafiri na kukutana na ukinzani. Lakini kuliamsha wimbi na kulisoma mwishoni bado kunatumia umeme, na wimbi lenyewe hufifia njiani.

Ncha iliyo peke yake

Habari iliyochanganya watu kuliko zote ilienea mwaka 2009. Tunajua kwamba sumaku ukiikata unapata sumaku mbili, kila moja na ncha zake mbili. Paul Dirac alijadili mwaka 1931 uwezekano wa chembe yenye ncha moja, na hadi sasa haijapatikana. Kilichopatikana ni msisimko wa pamoja unaojifanya kama ncha moja, ndani ya titanati ya disprosiamu na ile ya holmiamu.

Katika fuwele hizi spini hukaa kwenye pembe nne za kila piramidi, kila pembe ikishirikiwa na piramidi mbili, na kanuni ni kwamba katika kila piramidi mishale miwili ielekee ndani na miwili nje. Mipangilio inayotii kanuni hiyo ni mingi mno. Pindua mshale mmoja, na piramidi mbili zinazoushiriki zinaharibika: moja ina mitatu ndani, nyingine mitatu nje. Endelea kupindua mishale kwa mfululizo, na hitilafu hizo mbili zinaachana, kila moja ikienda zake. Claudio Castelnovo, Roderich Moessner na Shivaji Sondhi walionyesha mwaka 2008 kwamba hitilafu hizo huvutana na kusukumana kama chaji za umeme zinavyofanya, umbali ukizidi mara mbili kani kati yao ikipungua mara nne. Vipimo vya nyutroni vya mwaka uliofuata viliunga mkono picha hiyo. Kani ya jirani peke yake ingetosha kuleta hitilafu zinazotembea. Isingetosha kuzifanya zivutane kwa mbali. Uvutano huo ni kani dhaifu ya visumaku vyote vilivyo kati yao, imejumlishwa.

Kikomo kipi cha kasi?

Elliott Lieb na Derek Robinson walithibitisha mwaka 1972 kwamba katika mfumo wa spini wenye kani ya karibu, taarifa haiwezi kusambaa haraka kuliko kasi fulani. Kasi hiyo inatokana na nguvu ya kani kati ya majirani, na iko chini sana ya kasi ya mwanga. Hicho ndicho kikomo kilichotajwa katika habari za mwaka 2014, wakati makundi mawili, moja la Innsbruck nchini Austria na jingine la Maryland nchini Marekani, yalipotumia misururu ya ioni zilizonaswa, ambamo mtafiti anaweza kurekebisha jinsi kani inavyopungua kwa umbali.

Kani ilipopungua haraka, mtikisiko ulioanzishwa kwenye ioni moja ulisambaa kwa mwendo uliotulia, kama kanuni inavyotaka. Kani ilipofanywa ifike mbali, ioni za mbali ziliitikia mapema kuliko mwendo huo ungeruhusu. Hili linaungana moja kwa moja na ule mteremko mpole. Mitikisiko isiposhuka upesi kadiri wimbi linavyorefuka, mawimbi marefu hukimbia kuliko mafupi, na katika baadhi ya hali hesabu haiyawekei kikomo.

Kasi ya mwanga haikuguswa. Msururu wote ulikuwa na urefu ambao mwanga huukatiza kwa muda usiofika sehemu moja ya trilioni ya sekunde, ilhali ioni zilichukua muda wa kiwango cha milisekunde kuathiriana. Kani yenyewe ilibebwa na mitetemo ya msururu wa ioni, iliyoamshwa kwa leza. Hesabu inaichukulia kani hiyo kuwa ya papo hapo kwa sababu mitetemo hiyo ni ya haraka mno ikilinganishwa na kugeuka kwa spini.